Rangi ya Tamiya PS katika hewa ya Mombasa

Bodi ya gari la rimoti la mashindano haipakwi rangi kama gari la barabarani. Plastiki yake angavu ya polikaboneti, ambayo wengi huiita Lexan tu, hupakwa kwa ndani, na anayetazama huona rangi kupitia plastiki yenyewe. Kwa hiyo mkono wa kwanza wa rangi ndio sura ya gari. Ukiharibika huo, hakuna msasa wala polishi ya kuuokoa, maana mikono mingine yote iko nyuma yake. Tamiya PS, rangi ya kupuliza ya kampuni ya Kijapani ya Tamiya, kopo la mililita 100, inapimwa hapa kwa hilo: mkono wa kwanza unatokaje pwani, ambako hewa yenyewe ina maji?

Angalia herufi kabla ya kulipa. PS ni ya polikaboneti. TS, ya kampuni hiyohiyo na kopo linalofanana nalo, ni ya plastiki ngumu za modeli za kuunganisha. Ukipaka TS, au rangi ya kopo ya duka la hadiwea, itakauka vizuri na kukudanganya mpaka siku ya mbio. Bodi ikigonga ukingo, plastiki hupinda na kurudi. Rangi ngumu haipindi, huanguka magamba. PS hupinda pamoja na plastiki, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua. Thina ya rangi ya matatu ni balaa zaidi: huila polikaboneti, ikaacha ukungu na nyufa ndogondogo. Fundi wa Mombasa anayechora sura ya mtu ubavuni mwa matatu bila kuinua mkono anaweza kuua bodi ya gari la rimoti kwa thina hiyo tu.

Maandalizi hayana siri. Osha ndani kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, suuza, kausha kabisa, kisha usiguse tena kwa vidole. Mafuta ya ngozi huzuia rangi kushika. Bandika vifuniko vya madirisha kwa ndani. Ngozi nyembamba ya kinga iliyo nje ya bodi ibaki palepale hadi mwisho.

Shida ya Mombasa huanzia hapa. Rangi ikitoka kwenye kopo, kimiminika chake huruka haraka na kuupoza uso wa plastiki. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutua juu ya rangi mbichi na kuiacha na weupe kama maziwa. Nyeusi na nyekundu huumbuka kuliko zote. Asubuhi na usiku, wakati unyevu uko juu, si saa za kupaka. Saa nane hadi saa kumi alasiri ni afadhali, siku isiyo na mvua, ndani ya chumba chenye dirisha wazi. Nje upepo wa bahari hubeba vumbi na kupeperusha rangi kabla haijafika. Wakati wa masika, ahirisha. Ule ushauri wa kuloweka kopo kwenye maji ya moto ni wa nchi za baridi. Kopo la hapa limeshapata joto la kutosha, na usiliache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Tikisa kopo dakika mbili. Shika umbali wa sentimita 25 hadi 30, anza kupuliza nje ya bodi, pita, umalizie nje. Mkono wa kwanza uwe kama vumbi tu, plastiki ionekane bado. Subiri dakika kumi, rudia. Mikono mitatu au minne myepesi inatosha. Anayetaka kumaliza kwa mkono mmoja mzito hupata michirizi, na rangi hukaa mbichi chini kwa muda mrefu.

Mpangilio wa rangi ni kinyume cha ulichozoea: iliyokoza kwanza, nyepesi baadaye. Mistari myeusi, kisha nyekundu PS-2, kisha njano PS-6. Nyuma ya njano, nyekundu na zile zinazong'aa kama taa, weka nyeupe PS-1, la sivyo mwanga hupenya na rangi huonekana imechoka. Nyeusi PS-5 ya kufunika, tofauti na ile ya mistari, huja mwisho kabisa, juu ya nyeupe, kuficha ndani. Kila mkono wa ziada ni uzito juu ya gari, basi usirundike.

Tepu ya karatasi ya bei rahisi, ile ya wapaka nyumba, haifai. Joto hulainisha gundi yake ikabaki kwenye plastiki, na kingo zake huruhusu rangi kupenya. Tumia tepu ya modeli, sugua ukingo kwa kucha, na uibandue rangi ikishakauka kwa kugusa, ukiivuta kwa kuikunja nyuma. Ukiiacha hadi kesho yake huchana ukingo.

Udhaifu wa PS uko wazi. Mpulizo wake ni mpana, hivyo mstari mwembamba au rangi inayofifia taratibu huwezi kuipata bila brashi ya hewa, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa kompresa. Kopo moja hutosha bodi moja ya 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, kwa rangi moja, halafu linakwisha. Kuagiza nako ni kazi: kopo la rangi ya kupuliza haliruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, kwa hiyo binamu anayetoka Dubai hawezi kukuwekea kwenye sanduku. Rangi ya maji ya brashi ya hewa haina kikwazo hicho, ila inadai kompresa na mkono uliozoea.

Harufu ni kali. Barakoa ya karatasi haizuii mvuke wake, tafuta yenye chujio la mkaa. Wala usipulize karibu na jiko linalowaka. Ukimaliza, pindua kopo na ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, tundu lisije likaziba.