iPod ya zamani iliyofufuliwa Lamu, muziki bila bando

Jamani hii iPod Classic, kile kidude cha mfukoni cha kupigia muziki, Apple waliacha kuiuza 2014, lakini kuna vijana hapa Langoni wanazifungua, wanatoa ile diski ya kuzunguka wanaweka adapta na memori kadi, betri mpya, halafu wanaingiza Rockbox, programu ya bure iloandikwa na wapenzi wenyewe, basi mambo ya iTunes, ile programu ya Apple ya kuingizia nyimbo, kwisha, waburuta tu nyimbo kutoka kompyuta. Taarabu zangu zote zimo, hata faili za FLAC, zile za sauti isiyopunguzwa ubora, zapiga safi wallahi, na hakuna wa kukupigia simu katikati ya wimbo. Ila bati la nyuma limerudi limejipinda, kulifungua ni balaa. Bluetooth hamna, ni waya tu. Bei wazungumza, usikubali ya kwanza.