Injini imeenda: ununue ipi ukiwa Nakuru na mfuko mwepesi?

Probox yangu ilinifia mlima wa Sachangwan ikiwa na mifuko ya saruji. Taa nyekundu ya joto iliwaka tangu Salgaa, nami nikajidanganya kwamba ningefika Molo kwanza. Hivi ndivyo ninavyozipanga njia za kutoka kwenye shimo hilo, kuanzia ninayoiamini zaidi.

1. Usinunue injini bado

Mafundi wengine hutamka "injini imenoki", yaani imekufa, kabla hata ya kufungua boneti. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe ukitoka bila kukoma, huenda ni gasketi ya hedi tu, ile inayoziba kati ya bloku na sehemu ya juu ya injini. Hedi iliyopinda husawazishwa kwa mashine, ukaweka gasketi mpya ukaendelea na safari. Lakini ukisikia gong'gong'gong' kutoka chini, hizo ni beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Hapo gasketi haitakuokoa.

2. Injini ya ex-Japan (iliyotumika Japani, ikaletwa huku)

Kwa magari yenye injini ya 1NZ-FE, yaani Probox, Fielder, Premio za 1500 na wenzao, hii ndiyo chaguo langu. Zimejaa sokoni, na bloku yake ya alumini ina silivu (kuta za ndani za silinda) nyembamba zisizopenda kuchongwa upya.

Usilipie injini iliyofungwa nailoni. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta lami nyeusi, ondoka. Zungusha krenki kwa spana. Tazama sampu, lile bakuli la oili chini ya injini; ikiwa na silikoni mbichi, kuna mtu aliyetangulia kuingia humo. Kisha pima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda, na hapa wengi huchanganyikiwa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari na Kisumu kama 1,130, kwa hiyo injini ile ile itasoma chini zaidi Nakuru kwa sababu hewa ni nyepesi. Usishindane na namba ya kitabuni. Linganisha silinda kwa silinda: moja ikiachwa mbali na wenzake, iache hapo hapo.

Soma maandishi ya bloku mwenyewe. 1NZ-FXE ni ya Prius na haibadilishani na FE hivi hivi, hata muuzaji aape. Uliza pia kama throto (mlango wa hewa wa injini) ni ya kebo au ya umeme, ilingane na yako. Bei ya "komplit" hulipa kuliko injini tupu, maana alteneta na sensa zikinunuliwa mojamoja zitakumaliza.

Risiti iandikwe namba ya injini na siku za garanti, na ieleze kama zinahesabiwa tangu kununua au tangu kuwasha. Dai nakala za forodha pia. Injini mpya ina namba mpya, na logbuku lazima irekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri.

3. Overhauli (kuifungua injini yako na kuijenga upya)

Mwenye Corolla 110 yenye injini ya 5A anaweza kuipandisha hii hadi nafasi ya pili, kwa kuwa bloku yake ni chuma na huchongeka. Sharti krenki iwe nzima, na spea uzinunue wewe mwenyewe. Niliwahi kumwachia fundi pesa za ringi za pistoni. Gari lilirudi na ringi zile zile zilizooshwa kwa petroli.

4. Injini ya gari lililogongwa hapa hapa

Ni ya bei nafuu, ila imekunywa vumbi na oili za kubahatisha kama ile uliyoua. Nunua tu ukiisikia ikiunguruma ndani ya gari lake, na mwenyewe akikuonyesha logbuku.

Injini mpya kabisa? Kwa gari la umri huo, bei yake inakaribia bei ya gari lenyewe. Tuendelee.

Kabla ya kuifunga hiyo mpya, tafuta kilichoua ya kwanza. Kwangu kilikuwa kifuniko cha redieta. Maji Nakuru huchemka yakiwa kama nyuzi 94, na presha ya kifuniko ndiyo huyazuia kuchemka mapema; mpira wake ukichoka, mlima unakumaliza. Badilisha kifuniko na thamostati, osha redieta, weka kulanti.

Na ile injini iliyokufa usiisahau gereji. Alumini ina bei kwa wanunuzi wa skrepa, na fundi wako analijua hilo vizuri sana.