Chumba cha nyuzi 110 chini ya sifuri: uzoefu wangu baada ya vipindi 10

Kwanza tuelewane kuhusu mashine, maana huduma mbili tofauti zinauzwa kwa jina moja la krayotherapia, yaani tiba ya baridi kali. Ipo kabati ya naitrojeni: unasimama kichwa kikiwa nje, mvuke wa naitrojeni unakuzunguka kuanzia miguuni. Na kipo chumba cha umeme: unaingia mzima mzima, na unachovuta puani ni hewa ya kawaida iliyopozwa. Ninachokipima hapa ni chumba cha umeme, vipindi 10 ndani ya wiki mbili, nchini Poland. Huko huduma hii wanaijua vizuri. Timu ya raga ya Wales ilipiga kambi Spała mwaka 2011, kabla ya Kombe la Dunia, ikitumia vyumba vya aina hii.

Kabati ya naitrojeni simshauri mtu. Naitrojeni huifukuza oksijeni bila harufu ya kukuonya. Mwaka 2015 mfanyakazi wa kituo kimoja karibu na Las Vegas aliingia kwenye kabati akiwa peke yake, akafa kwa kukosa oksijeni.

Kwenye chumba cha umeme adui mkubwa ni unyevu. Baridi ya nyuzi 110 chini ya sifuri ngozi kavu huivumilia dakika tatu, lakini jasho kidogo au losheni hugeuka kuwa barafu juu ya ngozi na kuiunguza. Mkimbiaji Justin Gatlin aliwasili kwenye mashindano ya dunia ya Daegu mwaka 2011 akiwa na majeraha ya baridi miguuni kwa sababu aliingia na soksi zilizolowa. Kwa hiyo ukitoka mazoezini usiingie moja kwa moja. Oga, jifute mpaka katikati ya vidole, kisha kaa angalau nusu saa jasho likauke. Hereni, pete, mkufu na miwani vinabaki nje. Unavaa kaptura kavu, soksi nene zinazofika magotini, glavu, kitambaa cha kufunika masikio, barakoa, na chini mitalawanda ya mbao, kwa kuwa mbao haipitishi baridi upesi. Presha wanapima kabla. Ikiwa juu, unarudishwa.

Unaanzia chumba kidogo cha nyuzi 60 chini ya sifuri, sekunde 30, halafu ndipo unaingia chumba kikuu. Mara ya kwanza dakika moja na nusu inatosha. Kuanzia kipindi cha tatu nilikaa dakika tatu kamili. Vuta pumzi fupi kwa pua, itoe taratibu kwa mdomo. Tembea polepole kwa mzunguko, mikono iwe mbali kidogo na mwili, na usijisugue ngozi hata ikiwasha. Mapaja na mbele ya miguu ndiyo huanza kuchoma. Kuchoma kote kote ni kawaida, lakini ukihisi sehemu moja inachoma kama sindano kisha inakufa ganzi, toka hapo hapo, usingoje muda uishe.

Ukitoka, panda baiskeli ya mazoezi dakika 20 kwa mwendo mwepesi. Vituo vinavyokuachia uvae nguo uende zako vinakupunja nusu ya huduma.

Je, inasaidia? Maumivu ya mapaja siku ya pili baada ya mbio ndefu yalipungua, hasa asubuhi wakati wa kushuka ngazi. Kasi na nguvu sikuona tofauti. Sababu ni kwamba hewa, hata ikiwa baridi kiasi gani, huondoa joto taratibu: ngozi inapoa sana, msuli wa ndani kidogo tu. Maji huondoa joto haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, nayo hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba vyumba hivi vinapunguza maumivu ya misuli. Na kama siku hiyo umenyanyua vyuma ili ujenge misuli, kaa mbali na baridi yoyote, kwani huchelewesha msuli kukua.

Mwenye selimundu asiingie kabisa, kwa kuwa baridi huamsha maumivu yake. Vivyo hivyo mjamzito, mgonjwa wa moyo, na anayevimba ngozi kwa baridi.

Ningerudia iwapo tu kuna mashindano ya siku kadhaa mfululizo. Kwa mazoezi ya kila wiki nachagua pipa la plastiki la lita 200: maji lita 120 ya nyuzi 25, barafu kilo 16, yanashuka mpaka 13 hivi. Hakikisha kwa kipimajoto, usikisie kwa mkono. Kaa dakika 10, usizidishe 15, na uwe na mtu karibu. Kila dakika moja au mbili tikisa miguu, kwa sababu maji yanayogusa ngozi hupata joto na kukufunika kama blanketi.