Jumamosi moja Iringa mjini: soko, Boma, Neema, na vikapu viwili

Sisi wa Mbeya tukienda Dar, Iringa tunaijua kwa Ipogolo tu. Basi linasimama, mtu ananunua karanga dirishani, mji wenyewe unabaki huko juu kilimani na safari inaendelea. Nimepita hivyo miaka yote. Mwezi wa sita mwaka huu nilikuwa na shughuli ya kifamilia siku ya Ijumaa, Jumamosi ikabaki yangu, nikapanda bajaji kwenda mjini. Nilikuwa natafuta kikapu cha Iringa, kilichonunuliwa Iringa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Soko Kuu, koti limefungwa mpaka shingoni. Anayedhani baridi ni ya Mbeya na Makete peke yake aje Juni.

Kwenye vyakula nakiri niliingia na kiburi. Mchele huwezi kuniuzia, nina wa Kyela nyumbani. Viazi nina vya Uyole, ndizi na parachichi za Tukuyu tunazikanyaga. Lakini vitunguu vilininyamazisha. Vilikuwa vya Ruaha Mbuyuni, vyekundu, vikavu, ganda linachakarisha ukilishika, na shingo imefunga vizuri, maana kitunguu chenye shingo mbichi hakimalizi wiki mbili stoo. Nilichukua sado nzima. Nikaomba nyongeza, nikapewa viwili. Nikaomba tena, muuzaji akanitazama: "Dada, lumbesa na kwenye sado pia?" Watu wote wa meza ile wakacheka, na mimi nikacheka, nikalipa.

Nyanya za Ilula zilikuwa zinashushwa kwa matenga muda huohuo, nikaziangalia tu kwa huzuni kwa sababu nyanya na basi la Mbeya havipatani. Samaki wakavu wa Mtera nilinunua. Ushauri wa bure: funga kwa magazeti, kisha mifuko miwili, la sivyo abiria wenzako watakutambua kabla hujakaa.

Kuhusu vikapu, nilikosea. Kijana mmoja alinifuata tangu mlangoni, kikapu cha milia ya zambarau mkononi, akaanza na 25,000. Kabla sijafungua mdomo akashuka mpaka 15,000. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka, nikaona nimepata bwerere. Nusu saa baadaye, kwa ukungu tu wa asubuhi, zambarau ilikuwa imehamia kwenye sketi yangu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anasuka huku anauza, ameketi juu ya gunia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha kusema kamwene, salamu ya Kihehe, maana ugonile yetu alisema niiache hukohuko Mbeya. Akakishika kikapu changu, akakigeuza chini juu. "Mwanangu, umenunua rangi, hukununua kikapu."

Akanionyesha. Vikapu hivi vinasukwa kwa milulu, majani yanayoota sehemu zenye maji. Kizuri kinakaa wima chenyewe ukikiweka chini, hakiyumbi. Ukibonyeza ubavu kwa kidole gumba unarudi. Ukikiinua kwenye mwanga usione matundu ya ovyo, na mstari wa rangi unapomaliza mzunguko uungane na ulipoanzia. Kuhusu rangi, chukua kitambaa chenye unyevu, sugua kidogo ndani, si nje. Na usikikunje kikiwa kikavu, milulu inakatika. Kama kimebonyea safarini, kinyunyizie maji kidogo, kijaze nguo, kiache kivulini mpaka kirudi umbo lake.

Chake kilikuwa 20,000. Sikuomba kupunguziwa, aibu ya kile cha kwanza ilikuwa bado inaniwasha.

Kutoka hapo nilikwenda Makumbusho ya Iringa Boma. Jengo ni la zama za Wajerumani, kuta nene, na limefunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Si pakubwa, ukisoma kila kibao ni saa moja na kidogo. Nilikaa zaidi kwenye vyombo vya nyumbani vya Wahehe kuliko kwenye picha za watawala. Jambo moja liwe wazi kwa wanaokuja kwa ajili ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, haliko Boma. Liko Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, na hiyo ni safari yake yenyewe. Mimi sikuwa na muda.

Neema Crafts niliifikia njaa ikiniuma. Ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliokuwa wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na leo ni karakana ya watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali: wafumaji, washonaji, watengeneza shanga za chupa zilizokwisha tumika. Wahudumu wa mgahawa ni viziwi, hivyo unaagiza kwa kuandika kwenye karatasi. Nilijifunza ishara ya asante nikaitumia vibaya, dada aliyenihudumia akanirekebisha vidole kwa subira kama mwalimu wa chekechea. Mgahawa ule una utulivu ambao sijaukuta kwingine. Hakuna wa kupaza sauti akiita chai.

Dukani bei ziko juu ya za sokoni, na hakuna kupatana. Ningelalamika kama nisingeona kitanda cha mfumi kikifanya kazi: mtu anapitisha uzi, anagonga, anapitisha, anagonga, na baada ya dakika kumi kitambaa kimeongezeka upana wa kidole. Nilinunua kadi za ile karatasi ya tembo. Hainuki, nimeulizwa na kila mtu.

Kama ningepanga upya ningeanza Boma na Neema, soko nikaliacha la mwisho, nikiwa na jicho lililokwisha kuona kazi ya mikono inavyotumia muda. Tatizo ni kwamba vitunguu vizuri havimngoji mtu mpaka saa nane. Labda soko mara mbili. Beba noti ndogondogo, na acha nafasi kwenye begi.

Kikapu cha zambarau kinahifadhi viatu vya watoto. Cha mama yule kilikaa kwangu siku nne, mama mkwe akaja kutusalimia, akakigeuza chini juu, akakibonyeza ubavu, akaondoka nacho Tukuyu. Shemeji yangu kapiga simu jana, naye anataka kama hichohicho.