Nilifungua akaunti benki anayofanya kazi shemeji yangu, uzoefu wangu (Mbeya)

Mi nauza mchele Mwanjelwa, mzigo nautoa Kyela. Mwaka 2019 nikaona kulala na hela ndani ni kutafuta kukabwa, nikasema nifungue akaunti. Sikuuliza makato wala riba wala nini, wife alisema tu "utaiachaje benki ya shemeji yako uende kwa watu baki?" ikaisha hiyo. Jina la benki silitaji maana mtamjua.

Kwa huduma sidanganyi, nilifaidi. Namba ya NIDA ilileta shida akashughulikia siku hiyo hiyo, foleni sikuijua, namtext "shem vipi hapo?" ananijibu njoo saa nane watu wamepungua. Nikawapeleka na wenzangu watatu wa pale sokoni, nao hawakuuliza kitu, waliniamini mimi kama mi nilivyomwamini yeye.

Sasa 2021 kuna bosi wa Tunduma kaniingizia milioni 4 nimkusanyie mchele. Hela ya mtu! Haijamaliza siku mbili mama mkwe kapiga kutoka Tukuyu, salamu ndeeefu, kauliza watoto, mvua, af "baba, lile paa langu si unalikumbuka, najua sa hivi mko vizuri." Nikabaki nimeduwaa. Salio langu limefika Tukuyu kabla mimi sijafika Kyela kununua mzigo.

Najua siri ya mteja ni sheria na ningeweza kwenda kwa meneja. Ila ukienda unamchoma nani? Mdogo wake mke wako, ndo anasomesha wadogo zake. Nikameza. Na kufunga akaunti pia siwezi, ataiona fomu yeye wa kwanza, kwa hiyo mpaka leo nimeacha elfu kumi mle inaliwa makato taratibu.

Nikafungua nyingine benki nisikojulikana. Wakataka barua ya mtaa, picha, nikasimama foleni kama wananchi wengine, raha tupu bana. Ila niseme ukweli, hata hii sikuichagua kwa akili, niliichagua kwa sababu wakala wake ni mama jirani wa kibanda changu, jioni nikikwama ananirushia kwanza hela nampelekea nikishafunga hesabu. Tatizo lake mwisho wa mwezi floti hana, yaani hela ya kuhudumia wateja imemwishia.

Kitu ambacho ndugu yeyote hakuniambia ni bima ya amana, yaani ile fidia unayolipwa benki yako ikifa. Benki Kuu (BoT) walipofuta leseni za benki 5 kwa mpigo Januari 2018, mojawapo ya hapo Njombe, fidia ilikuwa haizidi milioni 1.5 kwa mtu hata kama uliweka 20. Sa hivi imepanda mpaka milioni 7.5, afadhali, ila mi nimekuja kulijua hilo mwaka jana tu, tena kwa dereva wa fuso.

Akaunti ya kwanza naipa nyota 2, zote za foleni. Ya pili 4.

Juzi shem kanikuta msibani Uyole, kanivuta pembeni, "shem mbona siku hizi huweki?" Nikamwambia biashara ngumu sana. Kesho yake asubuhi mama mkwe kapiga kunipa pole.