Fundi wa pampu alimjibu mdogo wangu, mimi alinipa mgongo

Niliapa siandiki tena mambo ya mafundi manake kila nikiandika mimi ndo naonekana mkorofi, lakini hili limenikaa rohoni tangu kaskazi ya mwaka juzi, au ni ile ya nyuma yake, sikumbuki, najua tu nguru walikuwa wengi. Na jana nimemwona bwana mwenyewe jetini anashuka kwenye boti na begi lake lile lile la buluu. Damu ikanichemka upya. Bas, leo naandika.

Sisi tuna kiwanda kidogo cha barafu hapa Lamu, marehemu baba ndo alotuachia. Barafu za mabonge, zile wavuvi wanazipasua wakatandika samaki. Kuna pampu inavuta maji ya bahari kupoza kondensa, pale gesi ya mashine ya barafu inapotoa joto lake. Hiyo pampu ikilala kondensa yachemka, presha yapanda, kompresa yajizima yenyewe, na kwenye mikebe ya kugandishia barafu hubaki maji tu yanakutazama. Pampu yenyewe sina ugomvi nayo, wallahi, ni mzigo wa kazi, hata jina lake sitaji msije mkasema naitangaza.

Sasa ikaanza kuvuja pale shafti inapoingilia, kwenye gilandi, yaani pale panapojazwa pete za kamba ya pakingi kuzuia maji. Mwanzo matone, nikanyamaza. Halafu ukawa mchirizi, sakafu chepechepe, chumvi imekauka nyeupe kwenye kitako cha pampu na boliti zinaliwa na kutu, na maji yanarukia upande wa beringi. Hapo nikaogopa. Nikapigia watu wa Mombasa ambao mwenzangu mmoja alinisifia, wakasema wanatuma fundi. Akaja na basi mpaka Mokowe, akavuka, sanduku la vyombo likaletwa na punda, na ashaanza kulalamika kabla hajasema salamu, ati kwa nini hapana gari. Ndugu yangu, umekuja Lamu.

Kilichonichoma ni hiki. Mimi ndo niliempigia simu. Mimi ndo mwenye kiwanda, mimi ndo namlipa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa kidato cha pili wakati huo, alikuja kushika tochi tu. Lakini kila nikimuuliza fundi swali, anajibu akimwangalia yule mtoto. Nauliza hii kamba ya pakingi utatia ngapi, anamgeukia yule, "Tano." Nauliza mbona maungio yake hayakai mahali pamoja, anamwambia yule, "Kila pete inazungushwa robo ili maji yasipate njia moja ya kupita." Maelezo mazuri! Kweli! Lakini aliyeuliza ni nani? Mtoto mwenyewe anapepesa macho, hajui hata gilandi ni nini.

Na niwe mkweli kazi yenyewe alikuwa anaijua. Wapo mafundi wanaongeza pete moja mpya juu ya zile zilizooza wakachukua pesa, huyu hapana, alichokoa zote za zamani na kulabu moja moja kama mtoto anachokoa kome kwa pini, akapangusa mle ndani, akakata mpya akizipima kwenye shafti. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda. Nusu saa tu.

Akawasha. Ikadondoka. Si mchirizi tena, matone, to, to, to. Nikamwambia fundi mbona bado yadondoka, mimi nilikuita kwa sababu ya kudondoka. Akamwangalia mdogo wangu, akavuta pumzi, akanena naye maneno kwa sauti ya chini, sikuyasikia na kelele za mota. Nikarudia, nikapandisha sauti kidogo, nikasema silipi elfu kumi na nne kwa pampu inayonidondokea, nataka kavu. Hapo ndo akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu afike. "Kavu?" Kavu, nikasema. Akachukua spana akakaza nati huku, akakaza kule, akakaza tena. Matone yakakata. Kukawa kimya, sakafu ikaanza kukauka mbele ya macho yangu, nikajiona mshindi. Akapiga picha, akapokea hela kwenye simu, akawahi boti.

Baada ya isha nasikia harufu. Kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nakimbia kule nakuta moshi unatoka kwenye gilandi, chuma cha moto huwezi kugusa, na kabla sijafika kwenye swichi mota ikajikata, kompresa nayo ikafuata. Usiku mzima mikebe ikawa inapata joto pole pole. Alfajiri wavuvi wako mlangoni na makasha, maji yanapwa, wanataka kutoka, mimi nina matope ya barafu. Mzee mmoja wa Kizingitini hakunitukana, alinitazama tu halafu akatazama makasha yake. Bora angenitukana.

Nikamwita ami yangu, anaeshughulika na mashine za boti miaka yote. Akainama, akanusa, akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, hii umeinyima maji ya kunywa." Nikamwambia ami sina mzaha leo. Akasema boti gani ulioiona shafti yake haitii tone kwenye ngama, kule chini tumboni mwake? Ile kamba inakaa imebana shafti inayozunguka, na yale matone ndo yanayoipoza na kuilainisha. Ukiyakata, kamba yaungua, na ikishaungua yawa ngumu inaila shafti. Kwa pampu kama hii, akasema, hesabu matone 40 mpaka 60 kwa dakika na uende zako ukalale. Ikiwa mnachukia matone kabisa, tieni ile sili ya nyuso mbili zinazosuguana, hiyo ndo haitakiwi kudondoka, lakini hiyo nayo ikizunguka bila maji hata muda mdogo imekufa, na bei yake utakaa chini.

Akatoa pakingi, majivu matupu. Akanishika mkono akaniambia pitisha ukucha hapa kwenye slivu, lile ganda la chuma linaloivika shafti. Ukucha ukakwama. Mitaro, mitaro. Akasema ukitia pakingi mpya juu ya hii ni kama kupitisha leso kwenye msumeno, lazima slivu mpya.

Nikampigia yule bwana. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno ya kila rangi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza halafu akasema, "Lakini nilisema inafaa idondoke." Ulimwambia nani? "Yule kijana."

Nikakata simu. Mdogo wangu yuko jikoni anakula mkate wa mofa, hana habari. Nikamuuliza. Akasema ndio, aliniambia nikwambie usikaze, itaungua. Mbona hukusema? "Ulikuwa umekasirika. Na mimi nilidhani wajua."

Kwa hiyo hapa ndo sijui niandike nini. Kwa haki, mimi ndo nilietaka kavu. Hakuna alonilazimisha. Angekuja fundi mwengine mwenye adabu akanikataza pengine ningemkatalia pia, najijua. Nilikuwa nataka kumpa nyota moja, nikasema hapana, mbili. Lakini nikifikiri tena, mtu unajua kabisa kitu kitaungua, una mdomo, mwenye mali amesimama hatua mbili kutoka kwako, unakwenda kumnong'oneza mtoto wa shule, halafu unachukua spana unakaza? Na ile "Kavu?" yake. Alijua. Alinikomoa. Au alichoka na mimi. Moja. Nyota moja.

Haya, lakini alirudi. Slivu ilikuja na basi siku ya tatu, naye nayo, slivu akatoza, mkono wake hakutoza, nami sikumuuliza. Mdogo wangu alivyoona haya akaja akasimama nyuma yangu kabisa, mgongoni, tochi ameinyoosha kupitia begani kwangu. Kwa hiyo bwana akitaka kumwangalia yeye lazima aniangalie na mimi. Nikaona macho yake yanatafuta pa kupita, hayakupata. Akaniambia mimi, kwa mdomo wake, "Tutaiacha idondoke sana kwanza, halafu tunakaza kidogo, pande moja ya nati huku na pande moja kule, sawasawa, tunangoja dakika kumi." Tukangoja. Akakaza tena. Tukangoja. Kazi ya kuchosha lakini ndo ilivyo, ile ya siku ya kwanza alikaza kama anafunga gurudumu la lori. Akaniambia hesabu. Nikahesabu na saa ya baba, 47. Akasema iache hapo.

Mpaka leo inaenda. Nimetega kibomba chini ya gilandi kinapeleka matone mferejini yasile boliti, na tukizima kwa siku nyingi, kusi ikichafuka na boti hazitoki, tunapitisha maji baridi, yasiyo ya chumvi, mle ndani chumvi isije ikaganda na kukwaruza. Kila asubuhi nahesabu. Yakizidi nakaza kidogo mwenyewe, simwiti mtu.

Nyota tatu basi. Kazi anaijua, siwezi kusema uongo na barafu zagandika. Nambari yake ninayo, anaetaka aniulize, ila kama ni mwanamke aje na kaka yake amsimamishe nyuma.