Chumba cha tiba ya mikono huko Nguba, Bukavu: tathmini baada ya ziara nne

Mama yangu alibeba mizigo kwa zaidi ya miaka 20 katika miteremko ya Kadutu, gunia likiwa mgongoni na kamba yake ikipita kwenye paji la uso, na kila aliyeishi Bukavu anajua jinsi kazi hiyo inavyoikaza shingo ya mwanamke. Aliposhindwa hata kugeuka kumwangalia anayemsalimu, nilimpeleka kwenye chumba kidogo huko Nguba, ambako mtaalamu wa kinesiterapia (tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono) aliyeongeza masomo ya osteopatia hupokea wagonjwa.

Jambo la kwanza alilouliza mama ni hili: «Mwanangu, wewe ni muunga mifupa?» Alijibiwa kwa heshima na bila haraka kwamba osteopatia ilianzishwa na daktari wa Marekani, Andrew Taylor Still, aliyefungua shule huko Kirksville mwaka 1892, na kwamba kazi yake ni kulegeza misuli na viungo kwa mikono, wala si kuunga mfupa uliovunjika.

Nusu saa nzima ilikwisha kwa maswali kabla mtaalamu hajamgusa mama: je, aliwahi kuanguka, vidole vinakufa ganzi, ana homa usiku, amekonda bila sababu, mkojo unamtoka bila kujua? Alimpima shinikizo la damu, kisha akatutuma kupiga picha ya mifupa, akisema kwamba kwa umri wake hawezi kugusa shingo bila kuiona kwanza. Siku ile nilinung'unika kwa sababu ya gharama. Sasa namshukuru, kwa maana kuipindua shingo kwa ghafla kumehusishwa, ingawa ni mara chache, na kuchanika kwa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, na wako wanaoifanya kazi hiyo bila kuuliza lolote.

Matibabu yenyewe ni ya upole kiasi kwamba mama alisinzia. Shingo haikulizwa kwa kupinduliwa hata mara moja. Mikono ilikaa chini ya kisogo, ikabonyeza mabega polepole, ikafuata pumzi yake. Baada ya ziara nne katika wiki tano anageuza kichwa pande zote mbili na analala ubavu wa kushoto. Hata hivyo, katika wiki hizo hakubeba gunia lolote, na alifanya kila asubuhi mazoezi aliyofundishwa, kwa hiyo siwezi kuipa mikono sifa yote.

Bei ni dola 15 kwa ziara ya kwanza na 10 kwa zinazofuata, nayo ni mzigo kwa familia nyingi za Kadutu. Ngazi za kuingilia hazina mahali pa kushika, jambo lisilofaa kwa watu wenye migongo mibovu.

Kinachonisumbua zaidi ni karatasi iliyobandikwa mahali pa kusubiri, inayodai kwamba kugusa kichwa kwa upole kunaponya pumu na maambukizi ya masikio ya watoto wachanga. Hakuna uthibitisho wa kutosha wa dai hilo, na mzazi akiliamini anaweza kumchelewesha mtoto anayepaswa kufika hospitali siku hiyohiyo. Nilimweleza mtaalamu, akanisikiliza vizuri na kukubali kwamba yeye mwenyewe humpeleka mtoto wa namna hiyo kwa daktari. Tulipokwenda mara ya nne, karatasi ilikuwa bado ukutani.